Sanduku la Maswali: Gurudumu hili ni la kifaru au la buldoza?

Toleo lililopita tulitoa foto ya fundi mmoja wa Katwe anayefua jembe juu ya gurudumu la T-55, kifaru cha vita cha Kirusi, basi kumbe tumechokoza nyuki. Kila mtu Uganda ana chuma cha mviringo nyuma ya nyumba na kila mtu ana shangazi anayejua kilitoka wapi. Barua ni nyingi, nimechagua hizi, zingine zinarudia maswali yale yale.

SWALI: Habari ya kazi mhariri. Mimi niko Lukaya, si mbali na barabara kubwa ya Masaka. Marehemu baba aliacha gurudumu zito nyuma ya jikoni, tunalikalia tukimenya matoke. Mpira umebaki upande mmoja tu, kule kwingine umeliwa kabisa. Nimepima kutoka katikati mpaka juu ya mpira nikapata sentimita 40 na nusu. Jirani anasema ni la kifaru cha Walibya cha 1979, mzee mwingine anaapa ni la vita vya Hitler. Nimwamini nani? – Msomaji, Lukaya

JIBU: Ndugu, nakushukuru kwa kupima, manake wengi wananitumia foto iliyopigwa saa moja usiku, kuku amesimama mbele, alafu wanataka niwatajie mpaka jina la dereva. Na umepima vizuri, kutoka katikati kwenda pale mpira ulipobaki kisha unazidisha kwa mbili, inakuja 81. Ambaye mpira wake bado upo wote azungushe kamba nje ya gurudumu, apime kamba, agawe kwa 3.14, ni njia ya uhakika kuliko kuvuta futi juu ya kitovu kilichovimba.

Sasa 81, yaani milimita 810, ndo kipimo cha magurudumu ya chini ya T-54 na T-55, yale matano kila upande yanayokanyaga mnyororo. Lakini usimwite jirani bado. T-34, kile kifaru cha Warusi cha vita vya pili vya dunia, gurudumu lake ni milimita 830. Tofauti ni sentimita mbili tu, na mpira uliokaa juani na kwenye mvua tangu wakati wa Amin unaweza kupoteza hizo mbili bila kukuaga. Kwa hiyo kipimo kinakuleta mpaka mlangoni, kuingia ndani unahitaji uso wa gurudumu.

Litoe udongo, lipige brashi ya waya, litazame kwa mbele. Gurudumu la T-55 lina mbavu nene zinazotoka kwenye kitovu kwenda ukingoni, ukisimama mbali unaona nyota. T-54 za mwanzo mbavu zake ni nyingi zaidi na nyembamba, zimekaa kama mtandao wa buibui. La T-34 la wakati wa vita mara nyingi ni sahani ya chuma iliyotobolewa matundu kuzunguka, ama limemiminwa kwa chuma kilichoyeyushwa pamoja na mbavu zake, na kwenye baadhi mpira wenyewe pia una matundu. Alafu angalia kama ni moja au mawili. Haya yote ya Kirusi yalifungwa mawili mawili kwenye kitovu kimoja, katikati kuna nafasi ambapo jino la mnyororo linapita ili mnyororo usitoke. Watu wa skrapu hupenda kuyatenganisha kwa sababu moja peke yake linabebeka kwenye boda ukiwa na roho ngumu, kwa hiyo huenda baba yako alipata nusu ya jozi.

Ukiona nyota, ile habari ya Hitler imekwisha hapo hapo. T-54 ilianza kutoka kiwandani miaka ya mwisho ya 1940, T-55 ni 1958, Hitler ameshakufa 1945. Mzee anayeapa muache na chai yake.

Ya Walibya sasa. Ni kweli usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Machi 1979 palipiganwa vita vikali hapo kwenu Lukaya, jeshi la Amin pamoja na Walibya waliotumwa na Gaddafi wakija kutoka upande wa Kampala, Watanzania wakitokea Masaka ambayo walishaichukua tarehe 24 Februari. Walibya walikuwa na T-55. Ila hapa ndo watu wengi wanakimbilia jibu, manake Tanzania nayo ilikuwa na vifaru vya Kichina vya Type 59, na Type 59 ni mtoto wa T-54, Wachina walipewa michoro na Warusi wakatengeneza yao. Jeshi la Uganda lenyewe lilikuwa na T-54 na T-55. Kwa hiyo pande zote za vita ile zilikuwa na magurudumu ya ukoo mmoja, na huwezi kusema hili ni la nani kwa kuliangalia tu.

Na kuna kitu kingine kinachosumbua hata wataalamu. Gurudumu ni spea. Kwenye miaka ya 1960 Warusi walipozifanyia T-34 matengenezo makubwa walizivalisha magurudumu ya nyota ya T-55, basi unaweza kuona foto ya T-34 ya vita vya pili imesimama juu ya miguu ya 1960. Gurudumu linakutajia ukoo na pengine kiwanda, gari lililolibeba halitaji. Lako mi naweka kwenye ukoo wa T-54 mpaka utume foto ya uso wake na ya alama yoyote iliyochongwa. Herufi za Kichina zikionekana tutasogea upande wa Type 59, za Kirusi tutabaki na wengine, na usisahau Poland na Czechoslovakia walitengeneza T-54 na T-55 zao pia, herufi zao ni hizi hizi zetu za kawaida.

SWALI: Mimi ni makanika Mbarara. Kuna mteja alileta gurudumu nimtolee beringi atengeneze toroli. Kwenye beringi kuna alama tatu: kama L iliyosimama kichwa chini, kama fremu ya mlango, alafu namba 3. Mbele yake kuna namba nyingine. Ni siri ya jeshi? – Makanika, Mbarara

JIBU: Hamna siri hapo fundi, umenifurahisha tu. Hiyo L ya kichwa chini ni G ya Kirusi, fremu ya mlango ni P, na hiyo 3 siyo namba, ni Z. ГПЗ, kifupi cha kiwanda cha beringi cha serikali enzi za Usovieti. Viwanda vilikuwa vingi, na namba unayoiona pembeni kwa kawaida ndo inasema ni kipi.

Kwa hiyo beringi ni ya Kirusi, hilo limeisha. Kwamba gurudumu ni la kifaru bado, manake viwanda hivyo hivyo vilitoa beringi za malori, za matrekta, za mashine za kila aina, na fundi yeyote aliyekosa beringi siku moja alichomeka iliyoingia. We mwenyewe si umewahi? Soma kitovu na sahani yenyewe kabla ya kumwambia mteja chochote, na kabla hujaitoa yote piga foto kila pete ilivyokaa, kuna watu wanapiga foto baada ya kila kitu kulala kwenye beseni la dizeli.

SWALI: Nimenunua vyuma kwa mzigo huku Hoima, ndani yake kuna roli saba za chuma tupu, fupi, nene, zina kingo zilizoinuka pembeni. Muuzaji alisema ni za kifaru kwa hiyo alipandisha bei. – Wa Hoima

JIBU: Alikupiga. Hizo ni roli za chini za buldoza.

Nieleze kidogo maana hili ndo kosa linalojaa kwenye sanduku langu kuliko lolote. Gurudumu la kifaru linakimbia, kwa hiyo karibu kila mara lina mpira ukingoni, au lilikuwa nao. Buldoza inatambaa, mpira hauna kazi, roli zake ni chuma kitupu, ndogo, na hizo kingo zilizoinuka ndo zinashika reli za mnyororo. Kuna wakati wa vita ambapo vifaru navyo vilikanyaga chuma kwa chuma: kiwanda cha Stalingrad kilikosa mpira kuanzia mwishoni mwa 1941 kikatoa T-34 zenye magurudumu ya ukingo wa chuma, mpira kidogo umefichwa ndani karibu na kitovu, kelele yake ilikuwa balaa. Wajerumani nao wakafanya hivyo kwenye kifaru chao cha Tiger kuanzia 1944. Lakini magurudumu hayo ni makubwa, T-34 ni ile ile ya karibu kiuno, siyo vitu saba unavyopakia kwenye pikapu mwenyewe.

Na soma namba. Caterpillar za zamani kwa kawaida zina tarakimu, herufi, alafu tarakimu nne. Komatsu namba zimekatwa kwa vistari. Vipuri vya jeshi la Marekani vya wakati wa vita vinaanza na herufi, C au D au E, ndo namba inafuata bila kistari. Vya Waingereza tafuta mshale mdogo wa mistari mitatu kama unyayo wa kuku, ule ni mhuri wa mali ya serikali yao. Ukikuta hata kimoja kwenye roli zako niandikie tena, ila mi naona utakuta za Caterpillar.

SWALI: Mhariri, shuleni kwetu karibu na Bombo kengele ni pete kubwa ya chuma iliyotundikwa kwenye mwembe tangu kabla sijaanza kufundisha. Wanafunzi wanaambiana ni gurudumu la kifaru cha Amin. Sauti yake inasikika mpaka trading senta. – Mwalimu

JIBU: Mwalimu, sauti ndo inakataa. Gurudumu la kifaru lenye mpira wake ukilipiga linasema du, kama umepiga gunia. Pete inayolia mpaka senta ni rimu ya lori. Angalia kama ina mdomo upande mmoja wa kushikia ile pete ya kufunga tairi, na matundu ya nati kwenye sahani ya katikati kama sahani bado ipo. Huenda lori lenyewe lilikuwa la jeshi, Bombo ni mji wa kambi, lakini ndo lori hivyo. Wanafunzi waache wasimulie, wewe piga kengele.

SWALI: Nina gurudumu dogo, nililitoa kwa jamaa wa chuma chakavu Masaka. Kamba ikizunguka inakuja sentimita 160. Ni moja, siyo jozi, pana kama shubiri moja, lina spoki tano zilizo wazi. Kwenye mpira naona FIRESTONE kwa shida. Wenzangu wanacheka wanasema la trela. – Msomaji, Masaka

JIBU: Wasicheke haraka. 160 gawa kwa 3.14 unapata kama 51, nayo ni inchi 20. Ukinipimia upana ukakuta inchi 9, kama sentimita 23, basi inaelekea hilo ni gurudumu la Sherman, kifaru cha Marekani cha vita vya pili. Sherman za mwanzo na nyingi za katikati zilikuwa na magurudumu sita kila upande, yamefungwa mawili mawili kwenye vibebeo vitatu vyenye springi zilizosimama wima. Gurudumu ni moja moja kwa sababu meno ya kuongoza mnyororo yako nje, pembeni, siyo katikati kama ya Mrusi. Spoki tano wazi ni aina ya zamani, baadaye wakaziba, baadaye tena wakapiga sahani ya bati nene. Sherman za mwisho mwisho wa vita zilibadilishwa, springi zikalazwa, magurudumu yakawa jozi na membamba, hayo hayalingani na lako.

Sasa utauliza kitu cha vita vya Hitler kimefikaje Masaka. Njia iko, tena iko wazi. Jeshi letu lilikuwa na Sherman zilizotoka Israeli, wakati ule Waisraeli ndo walikuwa wanafundisha jeshi la Uganda, mpaka Amin alipowafukuza 1972. Sherman zimetengenezwa kati ya 1942 na 1945, zikazunguka nchi na nchi, zikamalizia maisha hapa. Mtu anayekwambia Uganda hakuwezi kuwa na chuma cha vita vya pili kwa sababu vita havikupiganwa hapa hajafikiria soko la silaha linavyotembea.

Na kuna mlango wa pili wa Sherman kuingia Afrika Mashariki ambao mi naupenda zaidi, haukuwa wa jeshi. Baada ya vita Waingereza walitaka mafuta ya kupikia, wakaanzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika kuanzia 1947, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta hayakupatikana dunia nzima, basi kampuni ya Vickers ikachukua Sherman ikaivua mzinga na mnara ikaigeuza trekta, wakaiita Shervick. Ardhi ya Kongwa ikikauka inakuwa ngumu kama saruji, mvua ikagoma, visiki vya mibuyu vikavunja mashine moja baada ya nyingine, mradi ukazikwa 1951 na pesa za watu. Mabaki yakaenda kwa mafundi. Sisemi lako limetoka Kongwa, kutoka Kongwa mpaka Masaka ni mbali na lori la skrapu halipendi mafuta, ila ukisikia mtu wa Tanzania ana gurudumu kama lako usimwambie ni la vita vya Kagera, ile ya Amin na Watanzania, kabla hujamuuliza babu yake alilima wapi.

Hilo la trela lingekuwa na tairi ya upepo au tairi ya mpira mnene inayovuliwa. Lako mpira umegandishwa juu ya chuma kiwandani, hauvuliki. Wacheshi wako waonyeshe hapo.

SWALI: Babu yangu alikuwa 4 KAR. Nina foto yake amesimama na kigari kidogo cha minyororo kisicho na paa, watu wanne ndani. Nimehesabu magurudumu matatu upande unaoonekana. Ni kifaru gani? Na je magurudumu yake yako Uganda? – Mjukuu, Gulu

JIBU: Hicho siyo kifaru, ni kigari cha Waingereza walichokiita Universal Carrier, wengi wanakijua kwa jina la Bren Carrier. Magurudumu matatu ndo yanayokitambulisha: mawili yamefungwa pamoja mbele kwenye springi moja, la tatu liko peke yake nyuma, yote ya spoki. Kama ungehesabu manne ningekwambia huenda ni Loyd, kigari kingine cha Waingereza. Kilibeba askari na bunduki, mafuta, maji, majeruhi, chochote kile, ndani injini ya Ford V8, vilitengenezwa zaidi ya laki moja hakuna kigari cha kivita cha minyororo kilichotengenezwa kwa wingi kama hicho. 4 KAR, yaani batalioni ya nne ya King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, ndo kikosi cha Uganda, kikaja kuwa Uganda Rifles tulipopata uhuru 1962. Nyuma ya foto kukiwa na neno au tarehe yoyote isome kabla wino haujafutika, itakusaidia kujua kama ni Ethiopia au Burma au ni hapa hapa kambini. Magurudumu yake madogo yanafanana sana na ya toroli za shambani, kwa hiyo mtu akikuletea, tafuta ule mshale wa mistari mitatu niliosema juu.

SWALI: Nataka kukata gurudumu la kifaru kwa gesi nitoe kitovu nitengeneze stendi ya mashine. Mpira nauchoma kwanza? Na kuna mtu anadai akiliuza kwa Mzungu atapata mamilioni. – Welda, Jinja

JIBU: Usichome mpira nyumbani. Moshi wake mzito unakaa kwenye nguo na kwenye mapafu ya watoto wa jirani, na gurudumu lililochomwa linapoteza maandishi yote ya mpira ambayo ndo yangetusaidia kulitambua. Kitovu kilichofungwa ndo hatari kubwa zaidi, ndani kuna grisi na hewa imebanwa, ukikipasha moto kabla hujafungua kifuniko kinaweza kupasuka na kukurushia boliti usoni. Fungua kwanza, nati zikigoma mwagia dizeli uziache zilale, toa beringi, safisha, ndo uwashe gesi.

Kingine nakiandika kwa herufi za kawaida lakini kisome mara mbili. Kama gurudumu limetoka ardhini na mahali lilipotoka kuna vyuma vingine, usiendelee kuchimba. Uganda ilitangaza 2012 kwamba imemaliza kusafisha maeneo ya mabomu ya ardhini yaliyojulikana, lakini risasi ya mzinga au kombora lililozama kwenye tope haliulizi mwaka. Ukiona kitu kirefu chenye ncha, au chenye mapezi, au mkebe uliofungwa, usikiguse, usikipige, usikipakie na skrapu, weka alama ukiwa mbali, mwite LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, na polisi waje.

Kuhusu mamilioni, huyo mtu mwambie alete Mzungu mwenyewe. Gurudumu moja lisilo na gari lake kwa kawaida linauzwa kwa kilo hapa kwetu. Lakini kama ni la Sherman kama la yule wa Masaka, mi ningepiga foto mbele, nyuma na kwenye kila alama nikaenda nazo Makumbusho ya Uganda pale Kira Road kabla ya kuwasha gesi, stendi ya mashine unaweza kuitengeneza kwa rimu ya Fuso.